Sidi Mubarak Bombay: Maisha Yaliyoanzia katika Deni

Ziwa ambalo mji wa Kisumu umejengwa ukingoni mwake lina majina mengi. Wajaluo hulijua kama Nam Lolwe. Wasukuma walioko kusini huliita nyanza, neno ambalo kwao lina maana ya ziwa tu, nao wafanyabiashara wa Kiarabu wa karne ya kumi na tisa walilitaja kwa jina la Ukerewe, kisiwa walichokizoea. Jina lililoshika katika ramani za dunia, yaani Victoria, lilitolewa na John Hanning Speke, afisa wa jeshi la Uingereza kule India, aliyelitazama ziwa hilo kutoka juu ya kilima karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Speke aliona sehemu ndogo mno ya maji hayo. Ghuba ya Winam, visiwa vya Rusinga na Mfangano, na ufuo wote ambao leo uko Kenya hakuuona siku hiyo wala siku nyingine yoyote ya maisha yake. Aliyekuwa ubavuni mwake, akiwauliza wenyeji maswali kwa niaba yake na kumrudishia majibu, alikuwa askari wa Kiyao aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay.

Katika jina hilo hamna hata neno moja la Kiyao. Sidi ndivyo walivyoitwa watu wa asili ya Afrika katika pwani ya magharibi ya India. Mubarak, yaani mwenye baraka, ni miongoni mwa majina ambayo mabwana walipenda kuwapa watumwa wao. Bombay ni mji. Mtu aliyelibeba jina hilo alizaliwa mnamo mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, mahali ambapo leo mpaka wa Tanzania na Msumbiji unapita, na mama yake alifariki yeye angali mdogo.

Kisa cha kutekwa kwake alikisimulia mwenyewe kwa Speke, na Speke akakichapisha mwaka 1864. Kinastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu hakifanani na picha ya kawaida ya uvamizi wa usiku na moto juu ya paa. Wafanyabiashara wa Kiswahili walikuwa wamekuja kijijini hapo zamani, wakati wa njaa, wakawakopesha watu nguo na shanga. Bombay alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, wafanyabiashara hao walirudi wakiwa na kundi kubwa la wafuasi wenye panga na bunduki, wakakizunguka kijiji na kudai walipwe deni lao papo hapo. Kila nyumba ilikuwa imekopa, na hapakuwa na nyumba yenye cha kulipa. Waliokuwa na mbio walikimbilia porini. Waliosalia walifungwa na kuswagwa hadi Kilwa. Baba yake hakumwona tena. Kwa hiyo utumwa ulimfikia mtoto huyu ukiwa umevaa joho la sheria: walikuwepo mdai, mdaiwa na dhamana, na dhamana ilikuwa watu wenyewe.

Kutoka Kilwa alisafirishwa kwa jahazi hadi Unguja, akauzwa sokoni, na bwana aliyemnunua akamchukua hadi India. Huko alitumika kwa miaka mingi. Alijifunza Kihindustani, lugha ambayo baadaye ilikuja kuwa mtaji wake mkubwa kuliko bunduki yoyote aliyowahi kubeba. Bwana wake alipofariki, Bombay alipata uhuru, akapanda chombo na kurudi Unguja.

Mtu huru asiye na ukoo, shamba wala bwana hakuwa na njia nyingi mbele yake katika Unguja ya wakati ule. Bombay aliingia jeshini. Sultani alikuwa na askari wa Kibaluchi waliolinda ngome zake za pwani na za mpakani, na miongoni mwao waliandikwa pia Waafrika. Alipelekwa Chogwe, ngome ndogo iliyokuwa juu ya mto Pangani, mahali ambapo mamlaka ya Sultani yalikoma na nchi ya Mfalme Kimweri wa Usambara ikaanza. Kazi ya askari wa hapo ilikuwa kulinda njia ya biashara na kuzuia mashambulizi ya jirani. Mshahara ulikuwa mdogo. Mwezi Februari 1857 Richard Burton na Speke walipita Chogwe wakielekea Vuga kumwona Kimweri, na askari mmoja kati ya waliowasindikiza aliwavutia kwa bidii yake na kwa uchangamfu wake. Ili akubali kuacha jeshi na kufuatana nao ilibidi wamlipie madeni yake. Aliyechukuliwa kijijini kwa deni akachukuliwa pia ngomeni kwa deni, ingawa mara hii alikubali mwenyewe baada ya kubembelezwa kidogo.

Msafara wa kwanza ulitoka Unguja mwezi Juni 1857, ukafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba, na Ujiji mwezi Februari 1858. Wakati wa kurudi Burton alibaki Kaze akiwa mgonjwa, na Speke akaenda kaskazini. Ni safari hiyo ya majuma machache, kati ya Julai na Agosti, iliyomfikisha ziwani pamoja na Bombay.

Jambo ambalo wasomi wa lugha hawapaswi kulipita haraka ni jinsi mazungumzo yalivyofanyika. Speke hakujua Kiswahili. Alijua Kihindustani cha kuvunjavunja alichokiokota jeshini. Alilotaka kulisema alimwambia Bombay kwa lugha hiyo. Bombay alilitia katika Kiswahili. Na palipohitajika, mkalimani mwingine alilitia katika lugha ya wenyeji. Majibu yalirudi kwa njia ile ile. Habari za ukubwa wa ziwa, za mto unaotoka kaskazini mwake na za mataifa yaliyolizunguka, ambazo baadaye zilijadiliwa kwa hasira huko London, zilipitia kwanza kinywani mwa mtu huyu. Burton, ambaye alijifunza Kiswahili kwa bidii zaidi, alilitumia jambo hilo kuwa silaha dhidi ya mwenzake: alidai kwamba Speke na Bombay hawakuelewana vya kutosha kuweza kuthibitisha lolote. Ziwa lenyewe liliamua ubishi huo. Stanley alipolizunguka kwa mashua mwaka 1875, akipita pia mbele ya ufuo wa Kavirondo, ilionekana kwamba ni ziwa moja, tena kubwa, kama wenyeji walivyokuwa wamemwambia Bombay.

Speke aliporudi mwaka 1860 akiwa na James Grant, Bombay hakuwa tena askari wa kubeba bunduki. Alifanywa kapteni wa Waungwana. Istilahi hiyo ina historia yake. Waungwana wa misafara hawakuwa mabwana wa mjini wenye nasaba na majumba ya mawe. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, au mahuru kama Bombay, waliojitwalia neno la heshima na kulivaa barani mbele ya wale waliowaita washenzi. Juu ya watu hao alikaa mnyapara au kapteni. Yeye ndiye aliyegawa posho, aliyepanga zamu za ulinzi, aliyeamua magomvi ya wanawake na ya vyungu, aliyekwenda mbele kujadili hongo na kila mtemi ambaye msafara ulipita katika nchi yake. Hongo wakati huo haikuwa neno la aibu. Ilikuwa ushuru halali wa njia, uliohesabiwa kwa doti za merikani, kaniki na mafungu ya shanga. Inafaa kukumbuka kwamba maneno haya ya misafara yaliendelea kuishi baada ya misafara kufa: posho ikabaki kwa vibarua, mnyapara akahamia mashambani na magerezani, na hongo ikaingia gizani ilipo leo.

Kazi nzito kuliko zote ilikuwa ya watoro. Waungwana na wapagazi walilipwa sehemu ya ujira wao kabla ya kuondoka, na jaribu la kutoweka nao lilikuwa kubwa, hasa njaa ilipoingia au habari za vita ziliposikika mbele. Sultani Majid aliutolea msafara wa 1860 watumwa zaidi ya thelathini kutoka katika mashamba yake. Siku za kwanza tu wengi wao wakaanza kukimbia, wakiamini kwamba Wazungu huwala watu. Mtu aliyetoroka na malipo ya awali alihesabiwa kuwa mdaiwa na mwizi kwa pamoja. Ilimpasa kapteni kumfuata, kumrudisha na kusimamia adhabu yake. Hapo ndipo maisha ya Bombay yanapojikunja na kurudi yalikoanzia. Mtoto aliyechukuliwa na watu wenye bunduki kwa sababu ya nguo na shanga ambazo hakuzikopa yeye, sasa ndiye aliyetumwa akiwa na bunduki kuwarudisha watu kwa sababu ya nguo na shanga.

Je, aliifanya kazi hiyo vipi? Wazungu watatu waliomwajiri kwa nyakati mbalimbali wanatofautiana katika mambo mengi, lakini malalamiko yao juu ya Bombay yanalingana kwa kiasi cha kushangaza. Alikuwa mwaminifu, walikubali, hakuiba. Ila alikuwa mpole kupita kiasi kwa watu wake, aliwatetea, alisahau vitu, alipenda pombe. Ulevi haukanushiki, na ugomvi wake na Baraka, mshindani wake katika msafara wa 1860, uliwahi kuwasumbua wote. Lakini upole ule hauna budi kupimwa kwa mizani nyingine. Msimamizi ambaye daima hachelewi kumkamata mtoro, na daima hakosi kumtandika, asingeweza kuongoza watu hao hao kwa miaka kumi na minane na bado wakakubali kuandikwa chini yake kila msafara mpya ulipotangazwa Unguja. Baadhi ya wale waliofika Misri pamoja naye mwaka 1863 walikuwa tena nyuma yake na Stanley mwaka 1871.

Mwezi Februari 1862 Bombay alisimama mbele ya Kabaka Mutesa. Ikulu ya Buganda ilikuwa na sheria zake za kusema na kunyamaza, na mgeni aliyezikiuka aliweza kupoteza zaidi ya heshima. Speke alikataa kungoja juani kama wageni wengine, akageuka na kuondoka. Wajumbe wakamkimbilia kumbembeleza arudi. Ukaidi wa aina hiyo unasomeka vizuri kitabuni. Aliyelazimika kuugeuza kuwa maneno yanayoweza kutamkwa mbele ya Kabaka ni Bombay, kwa Kiswahili, kisha Nasib kwa Kiganda. Mutesa mara nyingi alihamia jambo lingine kabla jibu halijamaliza safari yake katika lugha tatu. Tarehe 28 Julai mwaka huo Speke alifika kwenye maporomoko ambako Nile inatoka ziwani, karibu na Jinja ya leo, na Bombay alikuwepo. Njia ya mashariki, ambayo ingewapeleka Busoga na kuwafikisha Kavirondo, hawakuishika. Walikwenda kaskazini kupitia Bunyoro hadi Gondokoro, na hatimaye Kairo. Kati ya kundi kubwa lililotoka pwani, waliofika Kairo walikuwa 18.

Kwa heshima ya safari hiyo Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Bombay nishani ya fedha. Alirudi pia na pengo. Stanley alipokutana naye miaka kadhaa baadaye aliona kwamba meno yake ya mbele ya juu hayapo, akaelezwa kwamba ngumi ya Speke ndiyo iliyoyang'oa huko Uganda.

Stanley alimfanya kapteni wa askari wake katika safari ya 1871 ya kumtafuta Livingstone. Ulikuwa msafara wa haraka, wa mtu wa gazeti, na mkono wake ulikuwa mgumu. Watoro waliokamatwa walichapwa, na baadhi yao wakatiwa katika mnyororo wa watumwa ambao Stanley mwenyewe alikiri kwamba hakukusudia kuutumia. Bombay alipigwa pia, na wakati mmoja alivuliwa ukapteni kwa kupoteza mali ya msafara. Hata hivyo alikuwepo Ujiji mwezi Novemba 1871, mkutano uliofahamika dunia nzima ulipofanyika.

Watu waliotoka utumwani wakakabidhiwa kazi ya kuwakamata wengine hawakuwa wa pwani hii peke yake. Kule Marekani, Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa huko Arkansas mwaka 1838, aliteuliwa mwaka 1875 kuwa ofisa wa mahakama ya Fort Smith, akawasaka wahalifu katika nchi ya Wahindi Wekundu kwa zaidi ya miaka thelathini. Reeves hakujua kusoma, ila alikuwa na hati ya hakimu mfukoni, na mshitakiwa aliyemfikisha alisomewa mashtaka. Bombay hakuwa na hati. Sheria aliyoitekeleza ilikuwa kinywani mwa mwajiri, na ilibadilika kila mwajiri alipobadilika.

Mwaka huo huo wa 1875 Bombay alikuwa upande wa pili wa bara. Alikuwa ameondoka Bagamoyo mwaka 1873 akiwa na Luteni Verney Lovett Cameron, ambaye alitumwa kumsaidia Livingstone. Mwezi Oktoba, Unyanyembe, walikutana na Chuma na Susi, Chuma naye akiwa Myao aliyekombolewa utumwani, wakiubeba mwili wa Livingstone kuurudisha pwani. Cameron aliamua kuendelea. Walivuka Manyema, wakaingia katika nchi ya Waluba iliyotawaliwa na Kasongo Kalombo, na huko wakakwama kwa miezi mingi. Njia pekee ya kufika bahari ya magharibi ilikuwa kufuatana na msafara wa José Antonio Alvez, mfanyabiashara kutoka Bié.

Msafara huo ulikuwa wa watumwa. Mshirika wa Alvez aliyeitwa Coimbra alijiunga nao akiwa na wanawake wapatao hamsini, waliofungwa kamba kwa mafungu, wengine wakiwa wamebeba watoto mgongoni pamoja na mizigo. Ili kuwapata, vijiji kadhaa vilikuwa vimeteketezwa. Cameron aliandika hasira yake, na maandishi hayo yalisomwa sana Ulaya. Lakini aliendelea kutembea, kwa kuwa hakuwa na nguo wala shanga za kuchukua njia nyingine, na watu wake waliendelea kutembea nyuma yake. Siku baada ya siku, kapteni wa askari alitembea katika safu moja na kamba zile. Alikuwa na bunduki. Kazi yake, kama ilivyokuwa katika misafara yote, ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna mtu wa upande wake anayetoka katika mstari. Cameron, ambaye katika safari yote alikuwa akimlaumu Bombay kwa uvivu na ulevi, hakuwa mtu wa kuuliza kapteni wake anaona nini anapotazama mbele.

Walifika ufuo wa Atlantiki mwezi Novemba 1875. Hivyo Bombay akawa miongoni mwa watu wachache wa karne ile waliovuka Afrika kwa miguu kutoka bahari hadi bahari. Ukijumlisha safari zote nne, hukadiriwa kwamba alitembea maili 6,000 hivi. Mwaka 1876 Chama cha Jiografia kilimpangia kiinua mgongo cha pauni 15 kwa mwaka. Aliishi Unguja kwa malipo hayo hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1885.

Mwezi huo huo, upande ule wa ziwa ambao Bombay hakuwahi kuufikia, Myao mwingine alikuwa amekabidhiwa msafara. William Jones alitekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa India katika kituo cha mahuru cha Nasik, kisha akarudi Afrika na kukaa Rabai, karibu na Mombasa. Askofu James Hannington alimtawaza kuwa shemasi mwaka 1885, wakaondoka pamoja mwezi Julai kupitia nchi ya Wamaasai, wakafika Kwa Sundu, ambayo leo ni Mumias. Hapo Hannington alimwachia Jones sehemu kubwa ya watu, akaendelea mbele na hamsini. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Habari zilifika Kwa Sundu kupitia kwa watu wachache walioponyoka. Jones aliendelea kungoja huko hadi Desemba, akiwalisha watu wasio na mshahara mpya wala uhakika wa kurudi, asije akamwacha yeyote aliye hai njiani. Kisha akawageuza na kuwaongoza hadi Rabai, walikoingia mwezi Februari 1886.

Rabai yenyewe ilikuwa imejaa watoro. Watumwa wa mashamba ya pwani walikimbilia misheni kwa mamia, na Jones alishutumiwa na mabwana zao kwa kuwaficha. Tarehe 1 Januari 1889 shauri hilo lilimalizwa na George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Watoro wapatao 1,400 wa vituo vya misheni, wengi wao wakiwa wa Rabai, walitangazwa kuwa huru na kupewa hati zao, baada ya mabwana waliowadai kulipwa fidia kwa kila kichwa.